Tomaso Hakupigwa Kofi

Nimestaafu. Wenzangu walinifanyia sherehe ndogo nyuma ya posti yetu ya polisi, wakanipa kitenge na saa ya ukutani, na mkubwa mmoja aliyetumwa kutoka juu akasoma hotuba ya kumsifu mtu ambaye sikumfahamu. Nilipoulizia, nikaambiwa ni mimi. Fanta zilipokwisha, vijana wa upelelezi wakaniomba niwaandikie kitu kuhusu kazi. Naona walitegemea maneno ya nidhamu na uvumilivu. Hayo yamebandikwa ukutani, mtayasoma mkisubiri umeme urudi. Mimi nitawaandikia nilivyoingia, nani alinifundisha, na kesi moja ya mauaji ambayo kila kitu kilikuwa kamili isipokuwa marehemu.

Siku ya kwanza nilifika posti nikiwa nimepiga pasi sare mpaka ingeweza kusimama bila mimi. Mkuu wa posti aliangalia nyuma yangu kuona kama afisa anakuja. Alipoona hakuna mwingine, akaniuliza kama najua kupika chai. Nikamwambia najua. Nikaipika. Hawakuniomba tena.

Walinikabidhi kwa Muzee Shabani, nadhani kwa sababu hata yeye hawakujua wamweke wapi. Alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi hapa Bujumbura, mtoto wa fundi wa magari, na alikuwa mzee kuliko samani zote za posti. Hakuwa na kiboko. Wengine walimtazama kama fundi seremala anayekuja kazini bila nyundo, wakashangaa kesi zake zinavyosimama mbele ya hakimu na zao zinavyoanguka.

Vifaa vyake vilikuwa viti viwili vya urefu mmoja, termosi ya chai ya tangawizi, na kalamu ambayo hakuishika mpaka mtu amalize kusema. Katika vyumba vya wengine kiti cha mshukiwa kilikatwa miguu ili ajione mdogo. Shabani hakukipenda.

"Ukimuweka mutu chini, binti, anaanza kutafuta maneno ya kukufurahisha," aliniambia. "Mi sitaki kufurahishwa. Nikitaka kufurahi nitaenda kwa bibi yangu."

Alinifundisha kuanza na kazi ya mtu. "Umuulize anafanya kazi gani, na anaifanya namna gani. Mutu atadanganya juu ya bibi, juu ya umri, hata juu ya Mungu. Juu ya kazi yake hawezi, wallahi. Itamuuma."

Kuwatenganisha mashahidi nilikuwa nimejifunza tayari, katika katekisimu. Nilimsimulia habari za Suzana, mwanamke aliyesingiziwa uzinzi na wazee wawili wenye heshima zao, na kijana Danieli aliyewaweka mbalimbali akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani alikoyaona mambo hayo. Mmoja akataja mti huu, mwenzake akataja mwingine. Shabani alisikiliza kwa makini sana.

"Huyo Danieli alikuwa posti gani?" akauliza.

Siku nyingine nikamsimulia Tomaso. Sisi Wakatoliki tunafundishwa kumwonea Tomaso haya, eti mtume aliyetaka kuona ndipo aamini. Baada ya miezi michache posti niliona kwamba kati ya mitume wote ni yeye tu aliyefanya kazi yetu: wenzake walileta habari, akaomba kuona mahali pa misumari. Na Bwana alipotokea, hakukasirika. Alimwambia alete kidole.

"Hakupigwa kofi?" Shabani akauliza.

"Hakupigwa."

"Basi Nabii Isa angetufaa hapa." Akamimina chai. "Lakini wangemuambia apike chai kwanza."

Alipostaafu aliniachia viti vyake na termosi. Tulimzika miaka michache baadaye, na mimi, Mkatoliki mwenye rozari mfukoni, nilisimama pamoja na wanawake wa Buyenzi nikalia kuliko baadhi ya jamaa zake.

Sasa nimseme Zakaria, maana bila yeye hakuna kesi. Alikuja posti kwetu nilipokuwa tayari mtu mzima, Brigedia Zakaria, cheo cha kati tu cha polisi, kiongozi wa kwaya katika kanisa moja la uamsho kule Mutanga Nord. Alikuwa na sauti ambayo hata wafungwa waliipenda, wakati haiwaulizi kitu. Na msidhani alikuwa mtu mbaya. Nilipolazwa kwa malaria aliniletea supu kila siku, na akanilazimisha kumaliza. Lakini alikuwa na kipande cha mpira wa bomba, na pamoja nacho alikuwa na teolojia.

"Mama Goreti," alikuwa akiniambia, "mutu akikiri, roho yake inapona. Kukiri ni kama kuzaa. Kuna uchungu. Mi ni mukunga tu."

"Na kama hana mimba?"

Akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka. "Hata Yesu alishika kamba hekaluni."

"Alishika kuwafukuza wale watu. Aliwauliza kitu?"

"Apana."

"Alipotaka kujua jambo aliuliza kwa mdomo. Na siku alipokamatwa, yeye ndiye aliyepigwa kofi akihojiwa. Akawauliza anapigwa kwa kosa gani, hawakuwa na jibu. Sasa kwenye chumba kile, Zakaria, wewe ungekuwa umeshika nini?"

Akaniambia ningekuwa pasta mzuri, hasara niko Katolika. Tukacheka wote wawili, tukagawana ndizi ya kuchoma, na kesho yake akaendelea kama kawaida. Nawaandikia hivi ili msifikiri kwamba hoja nzuri inatosha.

Kesi yenyewe ilinikuta nikitoka likizo. Nilikuwa Gitega kwa dada yangu, na niliporudi mkuu wa posti, ambaye wakati huo alikuwa mwingine, alinipokea na faili mkononi. Sisi huiita dosiye.

"Mama Goreti, we Kifaransa yako ni nzuri. Nyoosha hii. Ijumaa inaenda parike." Parike ni ofisi ya mwendesha mashtaka, na ikifika huko mtu anakwenda gereza kuu kusubiri, na kusubiri huko kunaweza kumzeesha.

Habari ilikuwa hivi. Huko Carama aliishi fundi wa kupaka nyumba rangi, jina lake Fidele. Alikuwa na mke, Mama Divine, na kijumba cha nyuma walichompangisha Baraka, kinyozi kutoka Kongo, mkimbizi, mwenye saluni ya mabati kule Gasenyi. Asubuhi moja Fidele alitoka nyumbani, hakurudi. Siku zikapita. Majirani wakaanza kukumbuka, na majirani wakianza kukumbuka ni vigumu kuwazuia. Wakakumbuka kwamba siku ile ile Fidele na Baraka walifokeana saluni, na Baraka alisikika akipiga kelele: "Nitakukata tena!"

Hiyo "tena" haikumshtua mtu. Hakuna aliyeuliza mara ya kwanza alimkata lini.

Watu wa mtaa wakampiga Baraka. Polisi wakamwokoa mikononi mwao, wakamleta posti, na Zakaria akaendelea pale walipoachia. Baraka akakiri. Na ushahidi ulipatikana: kinyozi alikutwa na wembe, na wembe ulikuwa na damu. Kama yuko kinyozi asiye na damu kwenye wembe wake, basi hajafungua saluni.

Nilisoma dosiye ile mara mbili. Katika ukurasa wa kwanza Baraka alimtupa Fidele mtoni Rusizi. Walimpeleka mtoni, akaonyesha mahali, pakawa na wanawake wanaofua ambao wako pale kila siku na hawakuona kitu. Katika ukurasa uliofuata alimzika kwenye shamba la mihogo pembeni ya Carama. Walichimba, wakapata kandambili moja na sufuria isiyo na chini, na mwenye mihogo alipolalamika akaambiwa ni kwa ajili ya haki. Katika ukurasa wa mwisho alimzamisha ziwani.

"Chef," nikasema, "hapa kuna mauaji matatu na marehemu mmoja. Alikufa wapi?"

"Watachagua wao parike," akasema mkuu.

Nikaomba kuonana na Baraka. Mkuu akaona ni kwa ajili ya Kifaransa, akaniruhusu.

Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, jicho moja limefungwa kwa uvimbe, mkono wa kushoto ameuweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Nilileta viti viwili. Alipoona kiti akakiogopa. Nilipoona anakiogopa nikakaa kwanza mimi, nikasubiri, na baada ya muda akajivuta akakaa. Kabla sijafungua mdomo akasema:

"Nilimuua, mama. Andika tu. Munataka fasi gani?"

Anauliza mahali. Mtu anauliza tunataka awe ameua mahali gani, kama muuza duka anayeuliza unataka sukari ya kilo au ya nusu. Nimesikia mambo mengi katika vyumba vile. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

"Sitaki fasi," nikamwambia. "Nataka kujua kichwa chenye mabaka unakinyoaje bila kukitia donda."

Aliniangalia kwa jicho lile moja akitafuta mtego. Kisha, polepole, akaanza kunieleza. Kwanza unaosha na maji ya uvuguvugu. Wembe mpya, usibonyeze. Akainua mkono mzima, akanionyesha hewani jinsi unavyofuata mfupa. Akaeleza vichwa vya watoto, vya wazee, vya wanajeshi wasiotaka kusubiri. Sauti ikarudi kwenye koo lake. Mimi sikuandika.

"Na Fidele, kichwa chake?"

"Ile kichwa!" Na hapo alikasirika kidogo, nami nikafurahi kumwona mtu aliyepigwa vile bado ana hasira ya kazi. "Alitaka nimupake rangi, nimutoe mvi zote. Nikamupaka. Akarudi, anasema kwenye masikio iko nyeupe bado. Nikamupaka tena. Akarudi! Mbele ya wateja ananitukana, anasema sijui kazi, yeye anapaka nyumba muzima haina doa. Nikachoka. Nikamuambia: toka, sitakukata tena!"

"Sitakukata?"

"Sitakukata, mama. Nani anakata mutu kama ule?"

"Kwa nini alitaka mvi zitoke?"

"Sijui. Alisema anataka kuwa kijana." Akaangalia mlango. "Hii yote nilimuambia chef Zakaria siku ya kwanza. Alisema ninamuchezea."

Nilirudi kwa mkuu nikamwambia kwamba mtu anayekwenda kuuawa hapaki nywele rangi mara mbili, na kwamba ningependa kumwuliza mke wa Fidele. Mkuu akasema Zakaria ndiye amlete huyo mke, amwulize yeye. Zakaria akasimama. Nikamwambia akae, nitakwenda mwenyewe, na nitakwenda na kitenge, bila sare.

Nyumbani kwa Mama Divine matanga yalikuwa yameiva. Wanawake wa parokia walijaa uani, masufuria juu ya moto, wengine wanamenya ndizi, wengine wanasali. Wote walikuwa wakimwita "maskini" kwa sauti nzuri sana. Nilimkuta mwenyewe jikoni, amekataa kukaa na waombolezaji, anachambua maharage. Nikachuchumaa upande wa pili wa ungo, nikaanza kuchambua naye.

"Mama Divine," nikasema baada ya kitambo, "nitakuambia kile ninachojua, na wewe utaniambia kile unachotaka. Usipotaka, nitamaliza haya maharage niende zangu. Hakuna atakayekushika. Mume wako alipakwa rangi ya nywele siku aliyopotea. Alisema anataka kuwa kijana."

Vidole vyake viliendelea kutupa mawe.

"Koti ya harusi haiko kwenye kabati," akasema. "Na viatu vyeusi."

"Uliona lini?"

"Walikuwa wamekwisha kumupiga Baraka. Watu walikuja wananiambia, amekufa, amekufa, mi nikalia. Kisha nikafungua kabati nitafute picha yake ya kuweka mezani. Nikaona." Akasukuma ungo. "Nikafunga kabati."

Nje kuna mwanamke alianzisha wimbo, wengine wakaupokea.

"Unasikia hiyo?" akaniuliza. "Mujane, wanakuja kumupikia. Mwanamuke aliyeachwa, wanakuja kumuangalia. Ingekuwa wewe, ungefanya nini?"

"Sijui," nikamwambia, na sikujua. "Lakini Baraka anakiri kila siku mahali papya, na Ijumaa wanampeleka. Sina hakika kama atafika Ijumaa akiwa mzima."

Akauvuta tena ungo, akachambua mpaka wimbo ukaisha. Kisha akajipangusa mikono, akatoka uani, akasimama katikati ya masufuria.

"Bamama," akasema, "mupumuzike. Fidele hakufa. Ameniacha."

Halafu mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Halafu wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja, wakakumbuka shughuli zao, na mmoja akaondoka na sufuria yake ikiwa bado inachemka. Wachache walibaki wakaendelea kumenya. Nimewaona watu wengi wakisema ukweli mbele ya mahakimu, wameapishwa, wamevaa vizuri. Sijaona aliyeusema kwa gharama ile.

Tulikwenda pamoja posti, akarudia maneno yake mbele ya mkuu. Mkuu akasikiliza, akakuna kidevu.

"Mwanamuke kuachwa si ushahidi kwamba bwana iko hai," akasema. "Niletee mwenyewe. Nakupa mpaka Jumatatu." Naye Zakaria, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwamba mwanamke anaweza kuwa anamtetea mpangaji wake kwa sababu fulani.

Mama Divine ndiye aliyehisi mahali pa kumtafuta mume wake. Kulikuwa na mwanamke wa Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, jina lake Furaha, aliyekuwa akivuka na vitenge kuuza mtaani kwao, na Fidele, ambaye maisha yake yote hakujua kitenge na pazia vinatofautiana wapi, alikuwa ameanza kutoa maoni kuhusu rangi.

Nilivuka mpaka wa Gatumba Jumamosi asubuhi, nimevaa kama mama anayekwenda harusini. Serikali yangu haikunituma na serikali ya kule haikunialika. Uvira niliuliza fundi rangi Mrundi, na mtu wa tatu akaninyooshea kidole. Marehemu alikuwa juu ya ngazi, anapaka ukuta rangi ya samawati. Nywele zilikuwa nyeusi tii, isipokuwa juu ya masikio.

"Fidele," nikamwita. "Shuka. Tumekuzika mara tatu."

Nilijitambulisha. Alinisikiliza huku brashi inamdondokea kwenye viatu vyeusi.

"Sema polepole, mama. Bibi iko ndani."

"Bibi yako yuko Carama, amevaa nguo za matanga."

Akafikiri. "Basi waambie nilikufa. Hiyo inasaidia watu wote."

"Haimsaidii kinyozi."

"Kinyozi gani?"

Nikamweleza. Nilieleza mtaa, posti, mto, mihogo, ziwa, na mkono ule wa kushoto. Nilieleza bila kuongeza, maana haikuhitaji kuongezwa. Vijana wawili wa pikipiki waliokuwa wakisikiliza kando wakajitolea kumfunga kamba na kunivushia mpakani kama mbuzi. Wazo lilinipendeza kwa muda, siwadanganyi. Lakini mtu aliyeletwa kwa kamba angesema nini posti? Angesema lolote, na sisi posti tulikuwa tayari na lolote la kutosha.

"Fidele," nikamwambia, "siwezi kukukamata. Hujavunja sheria yoyote ninayoishughulikia. Ninakuomba. Njoo waone uso wako, kisha urudi ukapake unachotaka."

"Walimupiga kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya nywele zako."

Aliweka brashi. Alishuka vidato viwili. Ndipo pazia la mlangoni likafunguka, na Furaha, ambaye inaonekana alikuwa nyuma yake muda wote, akatoka na mfuko wa Fidele akautupa barabarani.

"Uliniambia bibi yako alikufa!"

Nyumba ile ilikuwa na marehemu wengi kuliko parokia nzima. Fidele alishuka ngazi iliyobaki haraka kuliko heshima inavyoruhusu. Ningependa kuwaandikia kwamba ni maneno yangu yaliyomrudisha Bujumbura, lakini mfuko ule ulifanya sehemu yake. Vidato viwili vya kwanza, hata hivyo, alishuka mwenyewe, na hivyo nampa.

Alilala kwangu, mjukuu wangu akimchunga, Jumapili nikamburuta misani kwa hiari yake, na Jumatatu nikaingia naye posti.

"Nani huyu?" mkuu akauliza.

"Marehemu, chef."

Mkuu alimwangalia Fidele kwa chuki ya mtu ambaye dosiye yake imeharibiwa. Akamwuliza kama anaweza kuthibitisha kwamba ni yeye. Fidele akatoa kitambulisho. Mama Divine, aliyekuwa ameitwa, akakitazama kitambulisho, akamtazama mume wake kichwani, akasema: "Ni yeye. Masikioni haikushika."

Baraka akatolewa. Mkuu, mtu wa kufikiri haraka, alikuwa amekwisha kuandaa karatasi inayosema kwamba mshukiwa aliumia kwa kuanguka kwenye ngazi. Posti yetu haina ngazi. Akamsogezea na kalamu.

"Lete," Baraka akasema bila kuisoma. "Mi nasaini kila kitu."

Zakaria alikuwa amesimama karibu na dirisha. Sasa akaja mbele, akaweka kiganja juu ya karatasi ile.

"Ndugu," akasema, "unisamehe. Nilikuwa natafuta ukweli."

Baraka alimwangalia. Jicho la pili lilikuwa limeanza kufunguka.

"Ukweli nilikupa siku ya kwanza," akasema. Hakupandisha sauti. "Nikakuambia rangi ya nywele, ukanipiga. Nikakuambia sijui, ukanipiga. Nikakuambia nilimuua, ukanipa maji. Na siku ya pili nilikuwa na kiu tena, nikakuambia mutoni. Chef, we ulikuwa unatafuta ukweli. Mi nilikuwa natafuta maji."

Kisha akachukua shati lake na kutoka, hakusaini chochote, na hakuna aliyemzuia. Nje Mama Divine alimngojea, akamwambia: "Baraka, twende nyumbani." Akamjibu: "Tangulia, mama. Leo siwezi kutembea na wewe."

Nieleze walivyoishia. Baraka alihamia Gasenyi, karibu na saluni yake. Mkono ulipona, ila kidole kimoja hakikunjiki, naye ameshazoea kunyoa bila kukitegemea. Mama Divine alikwenda kumwomba radhi mara nyingi, na mara moja alipokewa. Fidele alirudi Uvira, akakuta mlango umefungwa, akarudi Carama, akakuta na huko umefungwa. Mara ya mwisho nilisikia yuko Rumonge, ana mvi. Mkuu alihamishwa, na waliomhamisha waliita hiyo heshima. Zakaria alisimamishwa kazi kwa muda mrefu, akarudishwa katika posti nyingine, kwenye ghala la sare. Jinsi alivyofika huko ndiyo ninayotaka kuwamalizia.

Asubuhi ile ile, Baraka alipotoka, mkuu alikusanya karatasi zake akasema ana mkutano. Tukabaki mimi na Zakaria. Nilidhani ataondoka naye. Alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Mama Goreti, chukua kalamu. Niandike."

"Nikuandike nini?"

"Nilichofanya. Chote. Upeleke parike pamoja na ile dosiye."

Nikamwambia hakuna aliyemwomba. Nikamwambia ana watoto wanne, na kwamba mkuu atamgeukia. Akasema anajua. Basi nikamwuliza kama ninavyowauliza wote, jina, umri, kazi, na kazi yako unaifanya namna gani. Alisema. Alisema siku kwa siku, alipiga wapi, kwa nini, Baraka alijibu nini, na alisema maneno ya Baraka bila kuyapunguza. Hakulia. Mimi sikushika kalamu mpaka amalize.

Nilipokwisha kuandika nikamsomea yote kwa sauti. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akanizuia nisiweke tarehe.

"Kuna kitu sijakuambia, na hakuna mutu wa posti anayekijua," akasema. "Kila mara kabla ya kuanza, nilifunga mlango, nikaomba. Nilimuomba Bwana anionyeshe. Na huyu kijana alikuwa anaitikia amina."

Akaisogeza karatasi upande wangu.

"Andika na hiyo."